Sinia la Mgeni

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, kubwa kama mfuniko wa sufuria la harusi. Nawashukuru. Lakini mtu aliyekaa leba maisha yake yote, halafu akastaafu, saa ndicho kitu cha mwisho anachokihitaji. Nimeitundika sebuleni kwangu hapa Kizwite, Sumbawanga, na kila ikigonga nashtuka nikidhani kuna mtu wa kupimwa.

Siku ileile Neema, ambaye sasa ndiye mwenye meza yangu, alinivuta pembeni akiwa bado na keki mkononi. "Mama Yustina, tuandikie," akasema. "Yale unayotusimuliaga tukiwa tunakunja gozi za vidonda. Ukiondoka nani atatusimulia?" Nikamwambia mimi ni mkunga, siyo mwandishi. Akanijibu kuwa mkunga ameshazoea kuvuta vitu vigumu kutoka. Basi haya, navuta.

Vyeo sitaviandika. Vilikuja kama mvua ya Agosti, na hata vilipokuja kazi ilibaki ileile. Nitaandika kuhusu sinia, kwa sababu mmelirithi na wengine wenu mnalitandika bila kujua lilitoka wapi.

Nilipangiwa zahanati moja upande wa Laela, wakati huo ikiwa na vyumba vichache vya tofali za kuchoma na tangi la maji lililovuja upande mmoja. Nilishuka kwenye basi la kutoka Sumbawanga nikiwa na godoro, ndoo na cheti kipya kabisa. Ilikuwa Juni. Nyie mliozaliwa huku hamuoni ajabu, lakini mimi nilikuwa nimetoka kusoma kwenye joto, na upepo wa Ufipa ulinipokea kwa kupenya sweta, ukapenya gauni, ukaja kukaa kwenye mifupa. Nilipanda ule mlima mdogo hadi zahanati huku meno yakigongana.

Mlangoni alisimama mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye rozari shingoni. Huyo ndiye Mama Leokadia, mkunga wa pale, Mfipa wa vijiji vya jirani, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi baada ya chuo kunifundisha majina ya kazi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Osha mikono."

Hayo ndiyo yalikuwa mapokezi. Alizungumza kwa sauti ya chini, karibu kunong'ona, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti leba hata mara moja. Alisema mama mwenye uchungu ana kelele za kumtosha, hahitaji kuongezewa za nesi.

Aliniacha chumba cha kujifungulia akaenda kumwona mgonjwa wa nje. Kando ya kitanda kulikuwa na meza, na juu ya meza kulikuwa na sinia limefunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa maua pembeni. Nilikuwa sijala tangu alfajiri. Kwetu sinia lililofunikwa namna ile huwa la mtu mmoja tu, yule aliyechelewa kufika. Nikasema moyoni, watu wa huku wana adabu, wamenibakizia. Nikafunua.

Ndani kulikuwa na mkasi, nyuzi, glavu ndefu, dripu na mpira wake, sindano, vichupa vya dawa, mfuko wa mpira wa kumpulizia hewa mtoto asiyelia, tochi, na vitambaa vikavu vilivyokunjwa vizuri kuliko nguo zangu.

"Umekosea meza," sauti ikasema nyuma yangu. "Hicho ni chakula cha mgeni."

Niliona aibu hadi masikio yakapata moto, kitu ambacho kwa baridi ile kilikuwa neema. Nikauliza ni mgeni gani.

"Yule ambaye hajasema kama anakuja," Mama Leokadia akajibu, akalifunika tena kwa kitambaa na kukinyoosha kwa kiganja.

Nilielewa taratibu. Kwa Wafipa, ugali wa ulezi hausongwi kwa kuhesabu vichwa vilivyopo. Lazima libaki fungu, lifunikwe, ili mtu akipiga hodi asikute sufuria limekwanguliwa. Asipokuja, watoto wanakula kiporo asubuhi na hakuna anayelalamika kwamba chakula kilipikwa bure. Mama Leokadia aliichukua desturi hiyo ya jikoni akaiingiza leba, na alikuwa na sababu yake.

Sababu ni kwamba watu wetu hawapendi kuandaliwa mabaya. Mwambie mjamzito na mumewe kwamba wajiandae kwa hatari, watakutazama kama umewachuria. Mji wetu unaitwa Sumbawanga, na wazee wanasema maana yake ni tupa uchawi, lakini uchawi wenyewe ukitupwa mlangoni huwa unarudi kupitia dirishani. Nimepokea wanawake waliotembea na uchungu tangu kijijini, wakifika wanasema wamekuja kusalimia tu, kisha wanashikilia nguzo. Nimeona watoto wakifungwa kwenye sketi ya bibi yao kwa sababu kununua kanga ya mtoto kabla hajazaliwa ni kumwita mkosi. Ukisema "dharura" watu kama hao wanaziba masikio.

Kwa hiyo Mama Leokadia hakuwahi kulisema neno hilo. Aliwakalisha mume na mke kliniki akawauliza, "Kwenu mkisonga ugali, mnasonga wa waliopo tu?" Wanacheka, wanasema hapana, na mgeni je? "Haya. Na uzazi nao una mgeni. Jina lake hatulitaji, na hatumwiti. Ila akipiga hodi asitukute mikono mitupu." Hapo ndipo alipowaeleza habari ya ndugu wa kutoa damu, gari lijulikane ni la nani, nguo kavu za mtoto, na mtu wa kubaki na watoto wengine nyumbani. Walisikiliza bila kutema mate chini. Wanaume wa vijiji vile walikuja kusema "tumeshaandaa mgeni" kama wanavyosema wameshapanda mahindi.

Leba nayo ilikuwa na sheria yake. Kabla hujavaa glavu, unatandika sinia. Unagusa kitu kimoja kimoja, unakazia dawa macho kuona haijapita muda, unabana mfuko wa hewa usikie kama unapumua. Halafu unafunika. Mama akishajifungua salama na sinia likarudi kabatini halijafunuliwa, Mama Leokadia alipiga ishara ya msalaba akasema, "Leo mgeni kapitiliza." Nyumbani, sahani iliyorudi haijaguswa humtia mpishi simanzi. Kwetu ndiyo ilikuwa sikukuu.

Mtoto wangu wa kwanza wa kumpulizia hewa alinifundisha kwa nini tunagusa kitu kimoja kimoja. Alizaliwa mlegevu, wa bluu, kimya. Nilimkausha na kumsugua mgongo kama chuo kilivyosema, akaendelea kuwa kimya. Kichwani mwangu hakikubaki kitu, hata jina langu ningeulizwa ningekosa. Lakini mkono ulishajua kitu kiko wapi, ukaenda wenyewe kushoto mwa sinia, ukarudi na mfuko wa hewa. Nikabana, kifua kikapanda. Nikabana tena, na tena. Alipolia, mimi nililia zaidi yake, na Mama Leokadia akaninong'oneza nimfunike mtoto kwanza, machozi hayana haraka. Msidanganywe kwamba kujiandaa kunaondoa woga. Mimi niliogopa hadi siku ya mwisho. Kujiandaa kunaipa mikono kazi wakati kichwa kimekimbia.

Sasa nije kwa Masanja, maana najua wote mnasubiri habari ya Masanja.

Miaka ile walianza kuhamia kwetu Wasukuma na ng'ombe zao, wakajenga mbali kidogo na vijiji, huko chini kwenye majani. Masanja alikuwa mmoja wao. Mrefu, koti la mvua hata jua likiwaka, na Kiswahili chake kilitembea polepole kama kinachunga. Mkewe aliitwa Kabula, binti mcheshi, mimba ya kwanza. Masanja alikuja naye kliniki kila mara, jambo ambalo wanaume wetu wengi walilifanya kwa kuburutwa, nikampenda kwa hilo.

Siku ya kliniki ya mwisho foleni ilikuwa ndefu, na Mama Leokadia alikuwa na mgonjwa. Yale maelezo ya kukaa kitako nikayafupisha kama ninavyowafupishia Wafipa. "Baba, uchungu ukianza mje mapema," nikamwambia. "Na usisahau mgeni. Msije bila mgeni."

Masanja akafikiri. "Awe wa namna gani?"

Nikadhani anauliza habari ya mtoa damu. "Mwenye nguvu na afya yake."

"Mwanaume anafaa?"

"Anafaa sana."

"Mmoja anatosha?"

"Wawili ni bora zaidi."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa kazi ngumu lakini ya heshima. "Nitawatafuta, nesi," akasema. Mimi nikaita anayefuata, nimeridhika kabisa na somo langu.

Walifika asubuhi moja ya masika, na mkokoteni wa ng'ombe. Kabula alikuwa amekaa juu ya majani, ameng'ata kona ya khanga. Masanja alishika kamba. Na nyuma ya mkokoteni walitembea wanaume wawili, warefu kama yeye, wamevaa makoti safi na kofia, fimbo mkononi, mmoja ana jogoo kwapani. Walitusalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka", wakasimama wakisubiri kukaribishwa.

"Masanja, hawa ni akina nani?" nikauliza.

"Wageni, nesi." Alijawa na fahari. "Kaka zake Kabula. Walikuja kutoka nyumbani kumwona dada yao. Walikuwa waondoke na basi jana, nikawaambia hapana, nesi kakataa tusiende bila mgeni. Mmoja wa kwanza, huyu Shija wa akiba."

Nilimtazama Mama Leokadia, naye akakaa kwenye benchi kwa sababu miguu ilimwishia kwa kicheko. Hakutoa sauti, mabega tu yalikuwa yanaruka. Alipopata pumzi akawaambia wale wanaume, "Karibuni baba zangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akawapangusia benchi kwa khanga yake. Wakaketi wima kabisa, kofia magotini, jogoo katikati yao. Baada ya muda Shija akaniuliza kwa heshima kubwa kama shughuli itaanza saa ngapi.

Kabula alijifungua vizuri kabla ya jua kufika utosini. Mtoto wa kike, alilia bila kubembelezwa. Nikampa mama sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, kondo la nyuma likatoka zima. Nilianza kufikiria chai.

Kisha damu ikaja. Mwanzoni ilikuwa ya kawaida, halafu ikaacha kuwa ya kawaida. Nilibonyeza tumbo, mfuko wa uzazi ulikuwa laini kama unga uliokandwa, na unatakiwa uwe mgumu kama ngumi. Mama Leokadia akafunua sinia. Yeye alitia dripu na dawa ya pili, mimi nilichua tumbo, nilipoona haitoshi nikavaa glavu ndefu nikauminya mfuko wenyewe, ngumi moja kwa ndani, mkono mwingine juu ya tumbo. Damu ikapungua. Haikukoma.

Midomo ya Kabula ilikuwa imekwajuka. Alinitazama, akauliza taratibu, kama anauliza habari za sokoni, "Nesi, huyu mtoto nani atamnyonyesha?"

"Wewe," nikasema. Nilisema hivyo kwa sababu sikuwa na jibu lingine nililoweza kulivumilia.

Pale kwetu hatukuwa na damu ya kumwongezea. Ilikuwa ni kumfikisha hospitali ya mjini, au tumpoteze. Gari la mgeni lilishajulikana, lilikuwa pikapu ya mnunuzi wa mahindi wa pale Laela ambaye Mama Leokadia alimsalimia kila Jumapili baada ya misa ili asisahau ahadi yake. Mhudumu wetu alikimbia na baiskeli kumwita. Ilikuja ikiwa na magunia nusu, na kabla haijasimama vizuri wale kaka wawili walikuwa wameshapanda na kuyashusha.

Tulimlaza Kabula kwenye godoro nyuma ya gari. Mimi nilipiga magoti pembeni yake, mkono ukiwa palepale. Mama Leokadia alibaki na wagonjwa wengine, akaniinamia sikioni, "Usiutoe mkono. Ukichoka, sali, lakini usiutoe." Masanja alimweka mtoto kifuani, ndani ya lile koti la mvua nililokuwa nikilicheka, akafunga vifungo juu yake, na kwa mkono mmoja akainua chupa ya dripu.

"Na wageni?" akaniuliza. "Wao wabaki?"

Hapo nilipaza sauti. "Wapande."

Lami mnayoteleza nayo leo haikuwepo. Ilikuwa tope jekundu kutoka Laela kuja mjini, na bonde moja lilitushika magurudumu yote ya nyuma. Nilisikia injini ikilia bure, na chini ya kiganja changu nikahisi mfuko wa uzazi unalegea tena. Nilimchukia yule dereva asiye na kosa, nilichukia mvua, nilijichukia kwa kumwahidi yule binti. Halafu gari likasogea. Wale kaka walikuwa wamevua makoti, wamezama hadi magotini, wanasukuma na kuimba ule wimbo wao wa kulima kana kwamba ni shamba la mkwe. Walirudi juu wakiwa tope tupu, wakakaa kando ya miguu ya dada yao, mmoja akaushika unyayo wake na kuusugua upate joto.

Hospitalini daktari alimpokea, akanitoa mkono ambao nilikuwa siusikii tena, akauliza swali mnalolijua. "Ndugu wa kutoa damu wako wapi?"

Nikageuka. Shija alikuwa ameshakunja shati hadi begani, tope likimdondoka kwenye sakafu.

"Tupo hapa, daktari," akasema. "Sisi ndio wageni."

Wakapimwa wote wawili, na damu zao zikafaa. Nilikaa kwenye korido na Masanja, mtoto bado yuko ndani ya koti, amelala fofofo. Alipotoka nesi kutuambia kwamba damu imekoma na Kabula ameomba maji, Masanja alifungua kifungo cha juu cha koti akamchungulia mtoto. Kisha akasema, "Nesi, nilipokuwa natafuta wageni nilikuona mtu wa ajabu. Nikasema, Wafipa wana mila ngumu, huwezi kuzaa bila kualika watu. Sasa nimeelewa kwa nini ulitaka wenye nguvu." Nilicheka na kulia kwa pamoja, naye akanivumilia.

Niliporudi zahanati nilimwuliza Mama Leokadia kama nimweleze Masanja kwamba alinielewa vibaya. Alikuwa anachemsha mikasi. "Vibaya wapi?" akasema. "Mimi nilimwandalia mgeni sinia. Yeye kaenda kumleta mgeni mwenyewe akakaa upande wetu. Usimguse."

Mtoto walimwita Mgeni.

Na ule uelewa wa Masanja ukawa mila. Wasukuma wa kule chini walianza wao, kila mwanamke akiletwa analetwa na watu wawili wa kukaa benchi. Wafipa hawakukubali kupitwa, wakaleta wao na kapu la chakula juu. Mganga mfawidhi mmoja aliyehamia kwetu aliuliza kwa nini benchi la leba lina wanaume kama kilabu cha pombe ya kimpumu. Nikamwambia ni akiba ya damu inayotembea, na inajilisha yenyewe. Hakuuliza tena.

Sinia nalo lilibadilika. Dawa zikawa nyingine, dripu zikaongezeka, na tukafundishwa kufunga kondomu kwenye katheta, ule mpira wa kutolea mkojo, unaiingiza kwenye mfuko wa uzazi unaijaza maji, inabana damu mpaka mama afike chumba cha upasuaji. Siku moja padri alikuja kubariki wodi yetu mpya, akanyunyiza maji vitandani, akafika mezani, na upepo ukakifunua kitambaa. Alizitazama zile pakiti. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. "Baba," nikamwambia, "hizo hapa hazizuii mtoto. Zinazuia mama asimwache mtoto yatima." Akafikiri, akalinyunyizia sinia maji mara ya pili, akaendelea mbele. Tangu siku hiyo nilimheshimu kuliko alivyojua.

Mama Leokadia alistaafu akaniachia kitambaa chake cha maua. Alifariki nyumbani kwake, kitandani, akiwa amezungukwa na watu ambao nusu yao aliwapokea yeye mwenyewe duniani. Nilimpenda kama mama yangu mzazi, na sikumwambia kwa maneno hata siku moja, maana angeniagiza nikaoshe mikono.

Zahanati ikawa kituo cha afya. Mkaja nyie, na simu zenu, na "mambo" na "poa" hadi mbele ya wazee. Mkaja na toroli ya dharura yenye droo na vibandiko. Neema aliniuliza siku zake za kwanza, "Mama, lile sinia si tulitoe tu? Toroli ina kila kitu." Nikamwambia toroli ni kabati lenye miguu, mtu hawezi kuandaliwa chakula kikiwa kabatini. Alinizungushia macho akidhani simwoni. Lakini alilitandika, na baada ya yule pacha wa pili aliyemjia bila kutarajiwa, sikuhitaji kumkumbusha tena. Ni mkunga mzuri kuliko nilivyokuwa mimi katika umri wake, na hapa naandika ili asije kukana.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, asubuhi moja, pikipiki ya matairi matatu ilisimama getini. Alishuka binti mrefu, ameng'ata kona ya khanga. Nyuma yake Kabula, kanenepa, ana kapu kichwani. Nyuma yao mzee mwenye koti la mvua na jua likiwaka, na vijana wawili wenye mashati safi wakitembea wima.

"Shikamoo, nesi," Mgeni akanisalimia, kisha uchungu ukamkata akaniegemea.

Nawaambia ukweli, niliogopa kuliko siku ya mama yake. Siku ile nilikuwa sijui kinachokuja. Sasa nilijua kila kitu: mimba ya kwanza, ile damu ya mama yake, lile tope. Nikamwambia Neema azalishe yeye, mimi nitashika sinia. Nililitandika, nikagusa kitu kimoja kimoja, nikarudia kugusa. Neema aliniona. Alinyoosha kona ya kitambaa iliyokuwa imejikunja, akavaa glavu.

Mgeni alikuwa jasiri, na mwenye matusi kidogo, ambayo nilimsamehe kwa lugha zote mbili. Mtoto akaja, wa kiume, akilia kwa hasira. Sindano ikachomwa, kondo likatoka. Kisha ikaja ile saa ninayoijua. Nilisimama na mkono wangu juu ya tumbo la Mgeni, nasubiri. Lilikuwa gumu kama ngumi. Nikasubiri tena. Neema akasema, "Mama, damu ni kidogo, iko sawa." Nikasubiri hata hivyo. Kabula alikuwa amesimama ukutani, ameshika mdomo kwa mikono yote miwili, naye pia anasubiri. Nilipomtazama na kumwashiria kwa kichwa kwamba tumepona, aliteleza ukutani akakaa chini.

Nililibeba sinia kulirudisha kabatini. Kitambaa hakijafunuliwa, maua yako palepale. Nikapiga ishara ya msalaba. "Leo mgeni kapitiliza," nikasema, na Neema, aliyezaliwa kwa Walokole, akaitikia amina. Nilikitoa kile kitambaa nikamkabidhi. Alikipokea kwa mikono miwili.

Nilitoka nje. Benchini wote walikuwa wanakula, ugali wa ulezi na kuku, Kabula amekwishatoka anawagawia. Masanja alikuwa na malalamiko yake. "Nesi, nimeleta wenye nguvu, na hamkuwatumia."

"Hatukuwatumia," nikasema. Machozi yalinitoka mbele yao wote, na sikuyafuta.

Masanja akawagusa wale vijana kwa fimbo. "Sogeeni basi. Tumepata mgeni."

Wakasogea, nikakaa. Nilikuwa sijala tangu alfajiri. Kabula akaingiza mkono kwenye kapu, chini kabisa, akatoa sinia dogo lililofunikwa kitambaa, ambalo hakuna aliyekuwa ameligusa, akaniwekea mapajani.